MAS'ALA YA MTIHANI: MAELEZO YA IDADI 30,240 KATIKA ELIMU YA MIRATHI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyekadiria kila kitu kwa kipimo chake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ewe ndugu msomaji, jua ya kuwa katika elimu ya mirathi iko hesabu moja ambayo walimu wa madhehebu yetu ya Shafi huwapa wanafunzi wao ili kuwapima akili, nayo kwa sababu hiyo imeitwa Mas'ala ya Mtihani. Jawabu lake ni idadi moja kubwa, 30,240. Katika kijitabu hiki twataka kuieleza idadi hiyo: imetoka wapi, ina sifa gani, na ina faida gani kwa mtu wa Ujiji au wa Mwambao aliyeachiwa mtumbwi, au nyumba, au shamba la michikichi pamoja na wenziwe.

Sababu ya kuandika ni hii. Mali wanazoacha watu wa kandokando ya ziwa letu la Tanganyika aghalabu ni vitu visivyokatika. Mtu hufa akaacha mtumbwi mmoja wa dagaa na nyavu zake na karabai zake, au nyumba ya vyumba vinne, au michikichi iliyopandwa na babu yake. Kisha mkubwa wa nyumba huishika mali yote, na akiulizwa na wajane na mabinti, husema: "Mtumbwi haukatwi kwa msumeno, na nyinyi ni wengi, hesabu yenu haigawiki." Miaka hupita, mayatima hukua, wajane hufa, na haki haikutoka. Basi maneno ya kwamba hesabu haigawiki ni uwongo, na idadi 30,240 ni shahidi wa uwongo huo.

FASILI YA 1: SURA YA MAS'ALA

Amekufa mtu mwanamume, akaacha wake wanne, na mabibi watano, na mabinti saba, na ndugu wa kiume tisa wa kwa baba. Hakuacha mtoto mwanamume, wala mjukuu wa kiume, wala baba, wala babu, wala mama, wala ndugu wa baba na mama.

Wake fungu lao ni thumuni, yaani moja katika nane, kwa kuwa maiti ameacha mtoto. Na hukumu hiyo imo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 12. Mabinti, wakiwa wawili au zaidi na wasiwe na ndugu mwanamume, fungu lao ni thuluthi mbili, kwa aya ya 11 ya sura hiyo hiyo. Mabibi fungu lao ni sudusi, yaani moja katika sita, nao hushirikiana. Na hukumu yao imetoka katika Sunna, kwa ushahidi wa Mughira bin Shu'ba na Muhammad bin Maslama mbele ya Sayyidna Abu Bakr. Na ndugu ni asaba: huchukua kinachobaki.

Pengine utauliza: yawaje mtu awe na mabibi watano wanaorithi? Jibu ni kwamba bibi hapa si mama wa mzazi peke yake. Katika daraja ya kwanza wanaorithi ni wawili, mama wa mama na mama wa baba. Katika daraja ya juu yake huwa watatu. Ya juu tena wanne. Na ya juu tena watano. Kwetu sisi Mashafi, na kwa Mahanafi, wote hao hurithi wakiwa katika daraja moja. Imamu Malik hakurithisha zaidi ya wawili, na Imamu Ahmad hakuzidisha watatu. Hapana anayetazamia kuwaona mabibi watano wa namna hiyo wakiwa hai pamoja, na kwa hivyo mas'ala haya ni ya darasani. Mwalimu ameyachagua kwa makusudi, kama fundi anavyojaribu chombo kipya penye wimbi kali, ili kikivuka hapo kivuke popote.

FASILI YA 2: NISBA NNE ZA IDADI

Kabla ya kugawa, hapana budi mwanafunzi azijue nisba nne zilizo baina ya idadi mbili, kwani elimu yote ya kusahihisha mafungu imesimama juu yake.

Ya kwanza ni mumathala: idadi mbili zikiwa sawa, kama 5 na 5, tutatosheka na moja. Ya pili ni mudakhala: ndogo ikiingia katika kubwa bila ya kubakisha, kama 3 na 6; tutatosheka na kubwa. Ya tatu ni muwafaka: ndogo haiingii katika kubwa, lakini zote mbili zagawika kwa idadi moja ya tatu, kama 6 na 8 zinavyogawika kwa 2, tutachukua nusu ya moja na kuizidisha kwa nyingine yote, tupate 24. Ya nne ni mubayana: hapana kinachozigawa zote mbili ila 1, kama 4 na 5, tutazizidisha, tupate 20.

Ugumu wote umo katika nisba ya nne. Idadi zilizopatana husaidiana, na hesabu huwa ndogo. Idadi zilizobainukana hazisaidiani kabisa, na hesabu hukua. Waliotunga Mas'ala ya Mtihani wamechagua vichwa vya warithi kwa namna ambayo hapana hata mahali pamoja pa kupatana.

FASILI YA 3: HESABU YENYEWE

Twaanza kwa asli ya mas'ala. Mafungu yetu ni thumuni, sudusi na thuluthi mbili; idadi zake ni 8, 6 na 3. Tatu imeingia katika 6, basi tumeiacha. Sita na 8 zimewafikiana kwa nusu, basi asli ni 24.

Katika 24 hizo, thumuni ya wake ni 3, sudusi ya mabibi ni 4, thuluthi mbili za mabinti ni 16, jumla 23. Imebaki 1, nayo ni ya ndugu.

Sasa tazama. Sahamu 3 kwa wake wanne hazigawiki. Sahamu 4 kwa mabibi watano hazigawiki. Sahamu 16 kwa mabinti saba hazigawiki. Sahamu 1 kwa ndugu tisa haigawiki. Makundi manne yote yamevunjika, na baina ya kila sahamu na vichwa vyake ni mubayana. Tena ukitazama vichwa vyenyewe, 4 na 5 na 7 na 9, kila kimoja kimebainukana na mwenziwe. Basi hapana njia ila kuvizidisha vyote: 4 kwa 5 ni 20, 20 kwa 7 ni 140, 140 kwa 9 ni 1,260. Idadi hii 1,260 huitwa juzuu ya sahamu. Ikizidishwa kwa asli 24, twapata 30,240.

Kisha kila kundi hupewa sahamu zake mara 1,260:

Wake: 3 mara 1,260 ni 3,780, kila mke 945.
Mabibi: 4 mara 1,260 ni 5,040; kila bibi 1,008.
Mabinti: 16 mara 1,260 ni 20,160; kila binti 2,880.
Ndugu: 1 mara 1,260 ni 1,260; kila ndugu 140.

Jumlisha 3,780 na 5,040 na 20,160 na 1,260, utapata 30,240 kamili. Haikubaki hata moja, wala haikupungua.

FASILI YA 4: SIFA ZA IDADI 30,240

Mwenye kuitazama idadi hii kwa jicho la hesabu peke yake ataona mambo ya ajabu.

Kwanza, yagawika kwa 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9 na 10, zote bila ya baki. Nayo yapatikana kwa kuzidisha 6 kwa 7 kwa 8 kwa 9 kwa 10. Jaribu: 6 kwa 7 ni 42, kwa 8 ni 336, kwa 9 ni 3,024, kwa 10 ni 30,240.

Pili, ukiivunja hata ufike kwenye idadi tasa, yaani zisizogawika ila kwa 1 na kwa nafsi zake, utakuta mbili tano, tatu tatu, tano moja na saba moja. Kwa hivyo vigawanyo vyake vyote, pamoja na 1 na yenyewe, ni 96.

Tatu, asli saba mashuhuri za mirathi, nazo ni 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24, zote zaingia humo. Hali kadhalika 18 na 36, ambazo wanavyuoni wetu wa baadaye wameziongeza katika mlango wa babu pamoja na ndugu: 18 yaingia mara 1,680, na 36 mara 840.

Nne, nayo ni kubwa kuliko zote. Wataalamu wa hesabu tangu zamani wamezipanga idadi kwa kujumlisha vigawanyo vyake vilivyo chini yake. Sita ina 1, 2 na 3, jumla 6. Imelingana na nafsi yake, nayo huitwa timamu. Nane ina 1, 2 na 4, jumla 7, imepungua. Ishirini na nne ina 1, 2, 3, 4, 6, 8 na 12, jumla 36, imezidi. Je, 30,240? Huna haja ya kuandika vigawanyo vyote 96. Chukua mbili zake: 1, 2, 4, 8, 16 na 32, jumla 63. Chukua tatu zake: 1, 3, 9 na 27, jumla 40. Chukua 1 na 5, jumla 6. Na 1 na 7, jumla 8. Zidisha 63 kwa 40 kwa 6 kwa 8, utapata 120,960, nayo ni 30,240 mara nne sawasawa. Ukiiondoa yenyewe, vigawanyo vilivyobaki jumla yake ni 90,720, yaani mara tatu yake kamili. Hapana idadi ndogo kuliko hii yenye sifa hiyo. Sifa hii ilielezwa na Mfaransa René Descartes mwaka 1638, naye aliifikia kwa njia ya idadi, si kwa njia ya mirathi.

Tano, litazame fungu la mke mmoja, 945. Idadi hii ni witiri, haigawiki kwa 2. Na vigawanyo vyake vilivyo chini yake, toka 1 mpaka 315, jumla yake ni 975. Basi nayo imezidi. Katika shufwa, idadi zilizozidi ni nyingi, na ya kwanza ni 12. Lakini katika witiri, ya kwanza kabisa ni hii 945. Aliyeyaandika hayo mapema ni Abu Mansur Abdul-Qahir bin Tahir al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 429 wa Hijra, yaani 1037, katika kitabu chake cha hesabu kiitwacho At-Takmila. Naye alikuwa mwanachuoni wa fiqhi ya Shafi na wa tauhidi. Watu wa Ulaya waliifikia faida hiyo karne nyingi baada yake. Na kabla yake, al-Khwarizmi, katika zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala toka 813 mpaka 833, aliandika kitabu chake cha Al-Jabr, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mas'ala ya wasia na mirathi. Basi asidhani kijana wetu kwamba hesabu ni elimu ya shule ya serikali peke yake, na kwamba chuo hakina sehemu yake humo. Haki za wajane na mayatima zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya wakubwa wetu waikamilishe elimu hiyo.

TANBIHI. Asije mtu akasema kwamba idadi hii, maadamu ina sifa hizi, ina siri ya baraka, akaiandika katika hirizi au kuipangia fali. Mwenyezi Mungu hakuitaja idadi 30,240. Aliyoyataja ni nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Sisi ndio tulioifikia kwa kuzidisha, ili tuyatimize aliyoyaamuru.

FASILI YA 5: MPAKA WA IDADI HII

Pamoja na ukubwa wake wote, idadi hii haitoshi kwa kila jambo. Weka mabinti 11 mahali pa saba, mara moja itashindwa, kwani 11 huingia katika 30,240 mara 2,749 na kubakisha 1. Kadhalika katika mlango wa auli, ambapo mafungu huzidi asli, 12 hupanda mpaka 13, au 15, au 17. Na 15 yaingia katika 30,240, lakini 13 na 17 haziingii.

Tena si lazima idadi iwe kubwa ndipo ishindikane humo. Chukua mas'ala ambayo yaweza kutokea mwaka wowote katika mtaa wowote wa Ujiji. Mvuvi amekufa, ameacha wake wawili, na mama, na watoto wa kiume watatu, na mabinti wawili. Asli ni 24: wake 3, mama 4, na baki 17 ni ya watoto, kila mwanamume kwa vichwa viwili na kila binti kwa kimoja, basi vichwa vyao ni 8. Tatu kwa wake wawili hazigawiki. 17 kwa 8 hazigawiki. Mbili yaingia katika 8, basi tumetosheka na 8. Zidisha 24 kwa 8, utapata 192. Kila mke 12, mama 32, kila mtoto mwanamume 34, kila binti 17. Jumla: 24 na 32 na 102 na 34, ni 192.

Sasa gawa 30,240 kwa 192, utapata 157 na nusu. Haikuingia! Sababu yake ni kwamba 192 ina mbili sita ndani yake, na 30,240 ina tano tu. Basi fahamu kwamba hapana idadi moja iliyo ufunguo wa mafungu yote. Ufunguo ni njia yenyewe: toa asli, tazama nisba, sahihisha, kisha jumlisha uhakikishe.

FASILI YA 6: KUITUMIA ELIMU HII KATIKA MALI

Kwanza kabla ya kugawa, hutolewa gharama ya mazishi, na madeni, na wasia usiozidi thuluthi. Kinachobaki ndicho tirka.

Ikiwa tirka ni fedha, zidisha fedha kwa sahamu za mtu na ugawe kwa jumla ya sahamu. Tuseme katika Mas'ala ya Mtihani tirka ni shilingi 30,240,000: kila mke atapata 945,000, kila bibi 1,008,000, kila binti 2,880,000, na kila ndugu 140,000. Na ikiwa ni shilingi 20,000,000, kila mke atapata 625,000, kwani sahamu 945 katika 30,240 ni moja katika 32. Bibi ni moja katika 30, basi atapata 666,666 na thuluthi mbili za shilingi. Hapo ndipo warithi watu wazima husameheana kwa ridhaa. Ama fungu la yatima halisamehewi na mtu.

Ikiwa mali ni mtumbwi, sharia haikuamuru ukatwe. Yaliyogawiwa ni umilki wake. Mtumbwi wa yule mvuvi sasa una sahamu 192, na wenyewe ni wanane. Wakipenda watauza na kugawana thamani. Au mmoja wao atanunua sahamu za wenziwe kwa bei ya haki. Au utaendelea kwenda ziwani usiku wa giza, na mapato yakishatolewa mafuta na ujira wa wavuvi yatagawiwa kwa sahamu. Katika kila shilingi 192,000 zitakazobaki, mama ana 32,000, kila mke 12,000, kila mtoto mwanamume 34,000, na kila binti 17,000. Na michikichi ni vivyo hivyo: kila msimu, madebe ya mawese yatagawiwa kwa sahamu zile zile. Aliyeshika usukani amestahiki ujira wa kazi yake, si mafungu ya wenziwe.

Na warithi wetu wametawanyika. Ziwa hili lagusa nchi nne, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mtu huzikwa Ujiji na bintiye yuko Uvira, au Kalemie, au Bujumbura. Kuwa mbali si sababu ya kupoteza fungu. Sahamu zake huandikwa kwa jina lake na kuwekwa amana mpaka afike au atume wakili.

Likitokea shindano, Mahakama ya Mwanzo yaweza kusikiliza mirathi ya Mwislamu kwa sharia yake. Lakini hakimu atasaidiwa sana na karatasi iliyoandikwa mapema, yenye majina ya warithi na sahamu zao. Mwenye kutaka zaidi katika Kiswahili na atafute kitabu cha Mirathi cha Sheikh Ali Hemedi el-Buhuri wa Tanga, ambacho P. E. Mitchell alikifasiri kwa Kiingereza.

KHATIMA NA ZOEZI

Katika aya ya 7 ya Sura ya An-Nisaa, Mwenyezi Mungu amewawekea wanaume fungu na wanawake fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, kikiwa kidogo au kingi, nalo ni fungu la faradhi. Tazama jinsi Mas'ala ya Mtihani yanavyoitii aya hiyo. Ndugu mmoja wa mwisho kabisa ana sahamu 140 tu katika 30,240, yaani moja katika 216. Na kwa ajili yake na wenziwe hesabu yote imezidishwa mara tisa, ili asipunjwe. Wanavyuoni hawakusema, "Huyu ana kidogo, mwacheni." Basi wewe uliyeshika mtumbwi wa marehemu baba yako, na dada yako ana 17 katika 192, utasema nini mbele ya Mola wako, na hesabu yake ni rahisi namna hii?

Zoezi kwa wanafunzi: Amekufa mtu, ameacha wake watatu, na mama, na mabinti watano, na watoto wawili wa kiume wa ndugu yake wa baba na mama. Toa asli, usahihishe, na umpe kila mmoja sahamu zake. Mwenye kupata 240, na kila mke 10, na mama 40, na kila binti 32, na kila mtoto wa ndugu 5, amesibu. Kisha na agawe 30,240 kwa 240, ataona kwamba hii huingia mara 126 bila ya baki. Na aeleze kwa nini 240 imeingia na 192 haikuingia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake ndiko marejeo.